Uhakiki wa Adapta

Kwa miaka mingi nilifundisha Kiswahili katika shule za mkoa wa Singida, na kwa miaka hiyo yote niliwaambia wanafunzi wangu kwamba kazi ya sanaa huhakikiwa kwa kutazama fani yake na maudhui yake. Tulihakiki riwaya, tukahakiki tamthiliya, tukayapigia mashairi mizani hadi kengele ya mwisho. Kitu kimoja sikuwahi kuwaambia: watazame kazi hiyo inasomwa kwa mwanga gani. Sikuona haja. Koroboi ikizimika katikati ya sura, riwaya hubaki palepale ilipo. Msomaji hukunja ncha ya ukurasa, hulala, na kesho yake huendelea pale alipoachia. Lakini ipo kazi ambayo taa ikizimika nayo hufa, na ikiwaka tena huzaliwa upya bila kumbukumbu ya jana. Nazungumzia michezo ya televisheni, ile ambayo vijana wetu waliiita gemu, na hasa nazungumzia kile kiboksi cheusi kizito kilichochomekwa ukutani ili gemu hiyo iishi. Kiboksi hicho ndicho adapta.

Najua baadhi ya wasomaji wangu watacheka. Mzee wa fani na maudhui amekosa la kuhakiki! Wacheke tu. Kiboksi hicho kilinifanya nimchape mtoto asiye na kosa, na kwa sababu hiyo naona ninayo haki ya kukichunguza kwa makini kuliko nilivyochunguza riwaya nyingi.

Mambo yalianza mwaka 1999. Shemeji yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na dada yangu alibaki na watoto wanne na nyumba ya vyumba vitatu huko Majengo, mjini Singida. Mtoto wake mkubwa, mpwa wangu, alikuwa amemaliza kidato cha nne bila kupata alama za kuendelea. Wakati ule televisheni zilikuwa zimeanza kuenea. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi. Kabla ya hapo aliyekuwa na televisheni aliitumia kwa kanda za video. Mpwa wangu akafungua mlango wa chumba cha mbele uelekee barabarani, akaweka televisheni ya marehemu baba yake, benchi mbili, na mashine ya gemu aliyoinunua kwa fedha nilizomkopesha mimi. Baadaye akaongeza ya pili. Mtoto alilipa shilingi 50 akacheza kwa dakika kumi. Fedha hiyo ndiyo iliyonunua unga, mafuta ya taa na madaftari ya wadogo zake. Kwa hiyo, msomaji wangu, ninaposema mashine ilizimika, usidhani nasimulia habari za burudani.

Mashine yenyewe ilikuwa nakala ya nakala. Asili yake ni Family Computer ya kampuni ya Nintendo ya Kyoto, iliyotoka Japani Julai 1983, na mhandisi aliyeongoza kazi ya kuibuni aliitwa Masayuki Uemura, aliyefariki mwaka 2021. Ilikuwa kazi iliyofikiriwa vizuri, na kwa sababu hiyo ikaigwa. Kufikia miaka ya 1990 viwanda vya Asia vilikuwa vikitoa mashine za aina hiyo kwa maelfu, kila moja na jina lake na umbo lake, nazo zikaenea Urusi, Poland, Mashariki ya Kati na Afrika. Yetu ilikuja na pedi mbili, bunduki ya plastiki, na kaseti iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999 ndani yake. Tulizihesabu. Zilikuwa chini ya ishirini. Zilizobaki ni zilezile zilizorudiwa kwa majina mengine. Sitaihakiki kaseti ile hapa, ingawa nimesoma vitabu vilivyotungwa kwa mtindo huo.

Nimewahi kusoma maandishi ya watu wa Ulaya na Marekani wanaozienzi mashine hizi. Wanalinganisha rangi, sauti, wingi wa gemu, uzuri wa pedi. Habari za adapta huja mwishoni, katika aya moja, kama mtu anayekutajia mlinzi wa mlangoni baada ya kukusimulia harusi yote. Siwalaumu. Wao umeme ni kama hewa. Lakini nadhani uhakiki wao una pengo, kwani kila mashine imebeba ndani yake imani fulani juu ya ukuta itakaochomekwa, na kuihakiki bila kuitazama imani hiyo ni kama kuhakiki mahubiri bila kujua yalihubiriwa kwa nani.

Hebu tuifungue. Ndani ya adapta ya zamani mna transfoma, yaani mafungu mawili ya waya wa shaba yaliyozungushwa kwenye vibamba vya chuma. Umeme wa ukutani, volti 230 kwa kwetu, huingia fungu la kwanza. Fungu la pili hutoa umeme mdogo, kiasi cha volti 9. Daiodi huugeuza uwe wa mwelekeo mmoja, na kapasita, ambayo ni kama mtungi wa maji wa nyumbani, huhifadhi kidogo ili mabonde kati ya wimbi na wimbi yajae. Basi. Hakuna mlinzi humo. Kinachoingia kikipungua kwa robo, kinachotoka nacho hupungua kwa robo. Mlinzi yumo ndani ya mashine yenyewe: kidude chenye miguu mitatu kiitwacho 7805, kazi yake kupokea volti zozote zilizozidi na kutoa 5 kamili, kwa kuwa ubongo wa mashine hutaka 5. Zinazozidi hukigeuza kuwa joto. Ila nacho kina sharti lake. Ili kitoe 5 hutaka kupewa 7 hivi au zaidi; ukikipa 6 na nusu, hushindwa, na mashine hupotewa na fahamu.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Adapta ya Nintendo ya Japani ilitoa volti 10. Ya mpwa wangu, kama nyingi za mashine za kuiga, iliandikwa 9. Tofauti ya volti moja tu, nani angeigombea? Lakini kama adapta imebebeshwa mzigo wake kamili, ile ya 10 hufika kwenye 7 pale umeme wa ukutani unaposhuka hadi 161, na ile ya 9 hufika hapo umeme ukiwa bado 179. Kati ya 161 na 179 ndipo lilipokaa pato la dada yangu.

Maana Singida ya miaka ile, kama miji mingi ya bara, ilikuwa na umeme mdogo jioni. Umeme wa gridi ulitufikia kwa njia ndefu ya kilovolti 220 kutoka Iringa kupitia Dodoma, ukaendelea Shinyanga. Na mitaani nyumba zilizidi kuongezeka kwenye transfoma ileile na nyaya zilezile. Mchana hali ilikuwa shwari. Jua likizama, kila mtu akiwasha taa, pasi na jiko, balbu zilikuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Hazizimiki, zinafifia. Ni jambo ambalo mtu aliyezoea umeme uliopo au usiokuwepo hawezi kulielewa kwa urahisi, kwamba kuna umeme wa tatu, uliopo nusu.

Hapa ndipo anapoingia yule kijana. Alikuwa darasa la saba, na baada ya masomo alisukuma mkokoteni wa maji hadi jioni, akiyauza kwa mama ntilie. Alikuwa na nafasi ya kucheza mara moja tu kwa siku, kati ya saa moja na saa mbili usiku. Mpwa wangu alikuwa ameweka sheria ya haki, kama alivyoiona yeye: umeme ukikatika katikati ya mchezo, mchezaji anaanza upya bila kulipa. Basi kila kijana yule alipoketi, haikupita muda mashine ikaganda. Picha ilijaa herufi zisizosomeka, au ikawa ya kijivu, muziki ukabaki kwenye noti moja kama nzi dirishani. Na televisheni inawaka! Na balbu inawaka, ingawa kwa kufifia! Ingekuwa umeme umekatika, vyote vingezimika. Kwa hiyo mpwa wangu akahitimisha kuwa kijana anavuta waya kwa mguu ili apewe dakika nyingine za bure. Mara ya kwanza akamwonya. Mara ya nne akamfukuza kibandani mbele ya wenzake, akamwita mwizi, kisha akaja kunishitakia mimi kwa kuwa kijana alisoma kwenye shule niliyokuwa nikifundisha.

Nilimwita ofisini. Nilimuuliza kama alivuta waya. Akasema, "Hapana mwalimu, inazima yenyewe." Nikamuuliza kwa nini haizimi kwa wenzake. Akanyamaza. Nilichukua ukimya ule kuwa ndilo jibu. Nilimchapa viboko vitatu, na nikamwambia kwamba umaskini si ruhusa ya wizi, maneno ambayo wakati ule niliyaona mazito na ya hekima.

Ilipita kama miezi miwili. Kijana hakurudi kibandani, lakini mashine iliendelea kuganda, sasa mikononi mwa watoto wengine, na zaidi na zaidi kadiri kiangazi kilivyosonga. Mpwa wangu aliipeleka kwa fundi redio mmoja pale Ipembe, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Fundi akaiwasha mchana saa nane, ikacheza saa nzima bila tatizo. "Mashine yako nzima," akasema. Ikarudi nyumbani, usiku ikaganda. Mara ya tatu fundi akafanya jambo ambalo mimi, mhakiki, sikulifanya: akaja mwenyewe saa mbili usiku na mita yake. Nilikuwepo. Akachomeka vijiti ukutani, akatuonyesha: volti 165. Akachomoa, akapima kinachotoka kwenye adapta mashine ikiwa imewashwa: 6 na nusu. Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, huyu mnamlisha nusu kikombe halafu mnashangaa anaanguka."

"Mbona televisheni haizimi?" nikauliza.

Akaeleza kwamba televisheni ile ina chombo cha umeme cha aina nyingine, kinachojirekebisha chenyewe. Ukuta ukitoa kidogo, kinavuta zaidi. Transfoma haijui kufanya hivyo. Na kapasita ya adapta nayo ilikuwa imekauka. Kapasita za aina ile zina majimaji ndani, na kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila joto likiongezeka nyuzi 10, maisha yake hupungua kwa nusu. Kibanda kilikuwa cha paa la bati, na adapta ilikaa kwenye ekstensheni tangu saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku. Mtungi ukawa na nyufa.

Sikumsikiliza vizuri baada ya hapo. Nilikuwa nahesabu saa. Kijana yule alikuwa akija saa moja hadi saa mbili kwa sababu ndiyo saa aliyomaliza kusukuma mkokoteni, na ndiyo saa ambayo mji mzima ulikuwa ukiwasha taa. Watoto waliocheza mchana walikuwa watoto wasio na kazi.

Nitarudi kwake. Kwanza nimalize alichofanya fundi, kwa sababu ndicho msingi wa hukumu yangu juu ya fani. Alichukua transfoma kutoka redio kaseti iliyokufa, akailehemu kwenye daiodi nne na kapasita kubwa, ikawa inatoa volti 12 umeme ukiwa wa kutosha. Usiku, ukuta ukiwa 165, ilitoa zaidi ya 8, na mashine ikatembea. Mchana zile zilizozidi zilikuwa joto kwenye 7805, hivyo akakata kipande cha mfuniko wa sufuria ya alumini, akakifunga kwa skrubu kwenye kile kidude ili kipoe. Kazi yote ilikuwa ya saa mbili, na mashine ile haikuganda tena kwa umeme mdogo kwa muda wote nilioijua.

Kwa hiyo naisifu fani ya mashine ile ya kuiga, na naisifu kwa jambo ambalo wengi wanalihesabu kuwa umaskini wake: chombo chake cha umeme kilikuwa nje, kilikuwa cha kijinga, na kila kipande chake kilipatikana kwenye redio mbovu. Ungeweza kukihakiki kwa mita na bisibisi. Lakini siisifu kwa mambo mawili. La kwanza ni kupungukiwa ile volti moja, ambayo ni kubana matumizi kwa mtu asiyefikiria ukuta wa mwenzake. La pili ni mwelekeo wa plagi. Familia hii ya mashine ilifuata desturi ya Nintendo, ambapo kipini cha katikati ni hasi, ilhali adapta nyingi za vyombo vingine katikati yake ni chanya, na matundu yanalingana! Mpwa wangu aliwahi kuazima adapta ya jirani. Ilitoa mlio kama bisi, na chumba kikanuka samaki aliyeungua kwa siku mbili.

Jambo hili la plagi lingeweza kuepukwa, nasi tuliliona kwa macho. Mwaka 2001 binamu yetu aishiye Marekani alituletea mashine halisi, Nintendo Entertainment System, ambayo ni ndugu wa Family Computer iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1985. Ilikuja na adapta yake ya volti 120. Mpwa wangu alipata plagi ya kuunganishia, akachomeka, na kabla gemu haijaonekana transfoma ilikuwa ikitoa moshi. Maandishi yalikuwepo juu yake, kosa lilikuwa letu. Fungu la shaba lililopimwa kwa 120 lilipewa karibu mara mbili. Mashine yenyewe haikuumia. Na hapo tukagundua uungwana wake: adapta yake ilitoa umeme wa kwenda na kurudi, volti 9, na kazi ya kuunyoosha ilifanywa na daiodi nne zilizomo ndani ya mashine. Maana yake, ukiipa adapta ya kawaida ya hapa, katikati chanya au katikati hasi, yenye nguvu ya kutosha, huipokea bila kuuliza. Picha ilitoka nyeusi na nyeupe kwenye televisheni yetu, kwa kuwa mfumo wa rangi wa Marekani si wetu, lakini ilitoka. Dunia inaikumbuka mashine hii kwa ugonjwa wa kuwakawaka taa nyekundu, ambao ni ugonjwa wa mguso wa kaseti wala si wa umeme. Kwa habari ya umeme naipa alama za juu kuliko mzazi wake wa Japani.

Sasa maudhui. Hapa nadhani nina neno ambalo sijaliona kwingine, nalo ni kwamba gemu zenyewe zinatofautiana katika namna zinavyomheshimu mtu ambaye umeme wake unaweza kukatika.

Chukua Super Mario Bros ya mwaka 1985. Ina dunia nane, kila moja na hatua nne, na haina mahali popote pa kuhifadhi ulipofika. Ni kazi iliyotungwa kwa imani kamili katika ukuta. Mtoto wa Majengo aliyefika dunia ya saba saa kumi na mbili na nusu jioni alikuwa akikimbia mashindano mawili, moja dhidi ya kobe na jingine dhidi ya pasi za majirani. Hata hivyo watungaji waliweka njia za siri: katika hatua ya pili kabisa kuna mabomba yanayokurusha hadi dunia ya nne, na baadaye mengine hadi ya nane. Kwa mchezaji wa Japani hizo ni pambo. Kwa watoto wetu zilikuwa namna ya kurudia haraka ulichonyang'anywa, nao walizijua kabla ya kujua kitu kingine chochote.

Contra ni mbaya zaidi kwa habari hii. Ina mwendo mzuri na inachezwa na wawili, jambo lililoleta shilingi 100 badala ya 50, lakini umeme ukiyumba hakuna kinachobaki ila mabishano.

Iliyonivutia ni Battle City ya kampuni ya Namco, nayo ya mwaka 1985, ambayo watoto waliiita vifaru. Ina hatua 35, kila moja fupi, unalinda ngome yako kwa kifaru kimoja. Na kabla ya kuanza, inakuuliza unataka kuanzia hatua ya ngapi. Ukitaka ya 20, bonyeza hadi 20. Ni jambo dogo mno, na sidhani mtungaji aliwafikiria watu wa Singida alipoliweka. Lakini tazama lilivyotenda kibandani! Mtoto alikuja na namba yake kichwani. Umeme ukikatika kwenye 17, aliondoka na 17, akarudi kesho akaanzia 17. Kumbukumbu haikuwekwa kwenye mashine. Iliwekwa kwa mtoto. Wale wadogo waliandika namba zao ukutani kwa mkaa, dada yangu akawafokea, wakaendelea kuandika. Ukuta ule ulikuwa daftari lenye maelezo ya kuaminika kuliko baadhi ya mahudhurio niliyoyatunza shuleni.

Ilikuwepo njia nyingine ambayo haikutufikia. The Legend of Zelda, katika kaseti yake ya mwaka 1987, ilikuwa na betri ndogo ndani ya kaseti iliyotunza safari ya mchezaji hata mashine ikizimwa. Ni ufumbuzi wa kitajiri. Hata huo ulikuwa na hofu yake, kwani mchezaji aliagizwa ashikilie kitufe cha kuanzisha upya wakati anapozima, ili umeme unaoondoka usiharibu kilichoandikwa. Mtu anayepewa agizo hilo amechukuliwa kuwa yeye ndiye anayezima. Kwetu aliyezima alikuwa mwingine, naye hakushikilia kitufe chochote.

Mwaka 2003 mpwa wangu alinunua PlayStation iliyotumika, na biashara ikageuka kuwa ya mpira. Nitapita hapa haraka, kwa kuwa moyo wangu haupo. Chombo cha umeme cha PlayStation kimo ndani, nacho ni cha aina ile ya televisheni, kinachojirekebisha. Umeme wa 170 haukukisumbua. Kadi yake ya kumbukumbu ilitunza ligi nzima bila betri. Kwa umeme mdogo ilikuwa bora kuliko zote. Lakini umeme uliokatika ukirudi kwa kishindo, ilikufa kifo cha ghafla, na fundi wa Ipembe, alipoifungua, alikuna kichwa. Hakuwa na vipuri vyake kwenye redio zake. Tena katika matoleo ya mwanzo jicho la kusomea diski liliwekwa karibu na chombo hicho chenye joto, plastiki ikachoka, na ndiyo maana wachezaji wa sehemu nyingi duniani waliilaza ubavu au kuipindua juu chini ili isome. Ya kwetu ilicheza juu chini kwa mwaka mzima, kama mtoto aliyezaliwa na miguu mbele. Mwaka 2006 ukaja ukame, maji ya bwawa la Mtera yakapungua mno, nchi ikaingia kwenye mgawo, na hapo hakuna adapta ya kuhakikiwa. Mpwa wangu akafunga kibanda, akaenda kufanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, ambako yuko mpaka leo, naye ni fundi wake wa umeme.

Nimesema nitarudi kwa kijana. Nilimfuata kesho yake baada ya fundi kupima. Alikuwa ameshafanya mtihani wa darasa la saba, nami nilimkuta bombani akijaza madumu. Nilimweleza habari yote ya volti 165, ya 9 na ya 10, ya mtungi uliokauka. Nilieleza kwa urefu, kwa sababu maneno ya kitaalamu yalinisaidia kuchelewa kufika nilikokuwa nakwenda. Mwisho nikamwambia kwamba nilikosea na kwamba ninamwomba radhi. Aliendelea kujaza dumu hadi likajaa. Kisha akasema, "Shikamoo mwalimu," maana tangu nifike alikuwa hajaniamkia, akasukuma mkokoteni akaenda. Mpwa wangu alimtumia ujumbe kwamba anaweza kucheza bure mwezi mzima. Hakuja.

Siku hizi umeme wa Singida ni mwingine. Ile njia ya kilovolti 220 imepata mwenzake wa kilovolti 400, kilomita 670 kutoka Iringa hadi Shinyanga, na tangu mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji linaingiza umeme wake kwenye gridi. Unakatika bado, lakini ile balbu nyekundu sijaiona siku nyingi. Likizo iliyopita mtoto wa mpwa wangu, mwenye miaka tisa, aliikuta mashine ya zamani kwenye sanduku la dada yangu, pamoja na ile transfoma ya redio na kipande cha mfuniko wa sufuria. Baba yake akabadilisha kapasita, ambazo zilikuwa zimevimba, akapima ukuta mbele yangu: 231. Tukawasha. Transfoma ikaanza kuunguruma kama zamani, na vifaru vikatokea.

Mtoto alianzia hatua ya 1. Hakudumu. Ngome ililipuka, maandishi yakapanda, muziki ukakoma, picha ikabaki imetulia. Akaigeukia plagi ukutani, kisha akanigeukia mimi.

"Babu, umeme umekatika?"

"Haujakatika," nikamwambia. "Umefungwa."

Alinitazama kwa muda kama mtu asiyesadiki, akainama kuukagua waya.